Tarti ya Bitabe Niliyompa Tonton Kambale

Ipo Jumapili moja ya miaka ya vita, mwanangu, ambayo sijapata kuisahau. Juzi uliniomba nikufundishe tarti yangu ya bitabe, zile ndizi tamu, ile tarti isiyoingia tanuruni ambayo majirani huniagiza kila wanapokuwa na ubatizo. Nitakufundisha. Lakini nimezeeka kiasi cha kujua kwamba si vema kumpa mtu chakula bila kumwambia kiliwahi kumfanya nini aliyekitengeneza. Vuta kiti, kopo la maziwa nimekwisha kulichemsha, tulingoje lipoe. Mimi sina haraka, na wewe usiwe nayo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka Butembo kuja kusoma hapa Kisangani, nikakaa kwa tonton Kambale, mdogo wake marehemu baba yangu, pamoja na mkewe, tante Masika, katika nyumba ya matofali huko mtaa wa Mangobo. Tonton aliuza kwa jumla: sabuni, chumvi, biskuti, maziwa ya kopo. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti kubwa, wa kusali misa ya kwanza na kusalimiana na nusu ya parokia kabla ya kurudi nyumbani. Mimi niliyemzika baba nikiwa bado mtoto, nilimpenda mtu yule kwa pupa, kama mwenye njaa anavyopenda sufuria iliyofunikwa.

Kulikuwa na jambo tulilolijua watu watatu tu katika mji mzima. Daktari alikuwa amemwambia tonton, miaka sita nyuma, kwamba ana ugonjwa wa sukari. Yeye hakutaka lisemwe. Akipungukiwa nguvu dukani, alisema ni palu, maana palu, yaani malaria, kila mtu anayo na hakuna anayeionea aibu. “Watu wakijua uko mugonjwa,” alikuwa akituambia, “wanaanza kukusalimia kama vile wanakuaga.”

Kwa hiyo kazi yote ya kumlinda ilikuwa ya tante Masika. Sukari aliifungia ndani ya sanduku, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kitenge. Fufu ya tonton, ule ugali wetu wa muhogo, aliipima kwa bakuli moja tu, hakuna ya pili. Tonton akinung’unika, tante hakujibu, aliondoa sahani na kwenda zake. Mimi nilimwona mwanamke mkavu. Nilijisemea, tonton mwenye moyo kama huu, amepataje mke wa namna hii? Ujana una macho, mwanangu, lakini unayaelekeza mahali pamoja tu.

Kisha mama yake tante akafariki, na tante akaenda Butembo kwenye matanga. Alitegemea kukaa wiki mbili. Siku aliyoondoka alinivuta jikoni, akanikabidhi ufunguo wa sanduku na vidonge vya tonton vya mwezi mmoja.

“Kahindo,” akaniambia, “tonton yako atakuomba. Ataomba na mudomo, alafu ataomba na macho. Umukatalie.”

“Ndiyo, tante,” nikajibu, kama mtu aliyetumwa kuchota maji.

Hazikupita wiki mbili. Ndege zikasimama, barabara ikafungwa, na hapa mjini majeshi mawili ya wageni yakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni, kila moja likisema limekuja kutusaidia. Shule zikafungwa. Soko likawa linafunguliwa leo na kufungwa siku mbili. Tonton akafunga duka, akaleta maboksi yake nyumbani, akakaa barazani. Mtu aliyezoea kupiga kelele siku nzima sasa alikaa kimya kuanzia uji wa asubuhi mpaka jua linazama. Nilimletea pondu, mboga ya majani ya muhogo, akala vijiko vitatu. Nilimletea samaki, akasema hana njaa. Nikaanza kuogopa ule ukimya kuliko nilivyoogopa bunduki.

Siku hizo ndipo ilipofika ile Jumapili ninayokusimulia. Nilitaka tu kujifurahisha mwenyewe. Zamani, sista mmoja mzee aliyetufundisha kazi za nyumbani shuleni alitufundisha tarti hiyo, na katika maboksi ya tonton kulikuwa na biskuti zilizovunjikavunjika njiani ambazo hakuna ambaye angezinunua.

Sikia namna inavyofanywa, maana kazi yenyewe ni nyepesi, inataka subira tu. Unachukua kopo la maziwa mazito ya sukari, bila kulitoboa, unalilaza ndani ya sufuria, na maji yalifunike mpaka yapite juu yake vidole vinne. Unachemsha kwa moto mdogo saa tatu. Usiondoke, na usiache maji yapungue, kwani kopo likibaki kavu linapasuka na kuunguza watu. Baadaye uliache lipoe ndani ya maji hayohayo mpaka uweze kulishika kama unavyoshika yai. Ukilifungua utakuta maziwa yamekuwa tofi, rangi ya mto wetu wakati wa mvua. Biskuti unazitwanga, unachanganya na majarini iliyoyeyuka, unagandamiza ndani ya sahani ya bati kwa mgongo wa kijiko mpaka zishikamane. Unamwaga tofi. Unapanga bitabe ulizokata nyembamba, zile zenye madoa meusi kwenye ganda, ndizo zilizoiva sawasawa. Juu yake wenye krimu wanaweka krimu. Mimi nilipiga maziwa ya unga na maji baridi kidogo mpaka yakawa povu zito. Umeme wa maporomoko ya Tshopo haukuwapo siku zile, basi sahani niliiweka nyuma ya mtungi, juu ya mchanga wenye maji, ikapoa hapo mpaka alasiri.

Nilikuwa ninakata kipande cha kumpelekea jirani yetu, Mama Veronika, nilipoisikia sauti ya tonton barazani.

“Kahindo, ile inanukia iko nini?”

“Tarti, tonton. Ni ya mimi na Mama Veronika.”

“Unikatie kidogo. Kama kidole.”

“Tante alikataza.”

“Tante iko Butembo,” akasema. “Huku iko vita. Mutu anaweza kufa kesho na risasi, alafu tuko tunaogopa sukari?”

Nilikata kipande kama vidole vinne. Alikula amefumba macho. Alipomaliza alilamba kijiko, akacheka, kicheko chake kile cha zamani, akaanza kunisimulia jinsi alivyokuja Kisangani mara ya kwanza akiwa kijana, juu ya gari la mizigo, wiki tatu kwenye matope, wakila ndizi asubuhi na jioni mpaka dereva akaapa kwamba ndizi nyingine akiiona ataipiga ngumi. Tulicheka mpaka tukasahau tuko wapi. Kisha akaniambia neno lililoniharibu. “Hata tante yako hajawahi kunifanyia hivi.”

Wahenga walisema, aonjaye asali huchonga mzinga. Watu hudhani methali hiyo inamhusu mlaji. Mimi nakuambia, hata anayelisha huonja asali yake, na yangu ilikuwa kile kicheko. Jumatano nilitengeneza nyingine. Jumamosi nyingine tena. Hata sanduku la sukari la tante halikufungwa tena kwa ufunguo. Nilikuwa nikikata kile kipande na kujisemea moyoni: mimi ndiye ninayemfahamu tonton, mimi ndiye ninayempenda. Naona aibu kukwambia haya hata leo, lakini nikikuficha hayo, kisa changu hakitakufaa kitu.

Vidonge vikaisha. Maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa, na yeye akasema si neno, atangoja ndege. Akaanza kunywa maji. Jagi zima asubuhi, jagi lingine kabla ya saa sita. Akawa anakwenda msalani mara kumi kwa siku, na suruali ikaanza kumshuka kiunoni. Niliyaona yote. Nilijiambia ni wembamba wa vita. Nani alinenepa mwaka ule?

Kisha yale majeshi mawili yakaanza kupigana kabisa, humu mjini, juu ya vichwa vyetu. Sitakueleza vita, mwanangu. Waliokuwepo hawapendi kuvieleza, na wanaovieleza sana mara nyingi hawakuwepo. Nitasema tu kwamba tulivuta magodoro kwenye ukumbi mwembamba katikati ya nyumba, mbali na madirisha, tukakaa chini. Tonton hakuweza tena kwenda nje, akawa anatumia ndoo. Asubuhi ya siku ya tatu nilimwita aje anywe chai. Hakuitika. Nikamtikisa, akafungua macho nusu, akasema maneno mazito yasiyoshikana, na pumzi yake ilikuwa ndefu, ya nguvu, kama mtu anayepanda mlima. Mdomo wake ulikuwa mkavu kama karatasi.

Nilitambaa mpaka ukutani, nikamwita Mama Veronika. Huyu alikuwa mjane kutoka Yanonge, binti wa wavuvi wa mto, aliyefanya kazi ya uuguzi maisha yake yote mpaka akastaafu. Milio ilipopungua kidogo alipita kwenye tundu la ukuta ameinama, mkoba wake wa dawa kifuani, na chupa mbili za serumu, maji ya kumtundikia mgonjwa, alizozihifadhi chini ya kitanda chake kwa siku kama ile. Alipiga magoti kando ya tonton, akamshika mkono, akamfungua macho.

“Iko hivi tangu lini?”

“Tangu jana, Mama. Ni palu.”

“Nani alisema ni palu?”

“Yeye mwenyewe anakuwaka nayo.”

“Alikula nini?”

“Muchuzi kidogo.”

“Kuna dawa anakunywaka? Kuna ugonjwa mwingine?”

“Hapana, Mama.”

Hapana. Neno dogo kama nini! Halikunichukua hata pumzi moja. Nilijiambia ninatunza siri ya tonton, kwamba niliapa. Uongo mtupu. Siri ya ugonjwa ningeweza kuitoa. Niliyoshindwa kuitoa ilikuwa ile ya tarti. Niliona kwamba nikisema “sukari”, swali la pili litakuwa “umempa nini?”, na la tatu litatoka Butembo, kwa tante.

Mama Veronika aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ndiye niliyekuwa naishi naye. Akavunja kichupa cha kwinini, akachukua chupa moja ya serumu. “Bon,” akasema, “tutamupa kwinini ndani ya serumu ya sukari, apate na nguvu kidogo.”

Nilikuwa nimesoma. Nilitazama chupa ile mkononi mwake, nikasoma maandishi ya Kifaransa, na neno gulukosi lilikuwepo, kubwa, la bluu. Na bado nilinyamaza. Alifunga mpira kwenye mkono wa tonton, akaanza kutafuta mshipa, na mimi nimesimama pale nimeshika taulo, nimenyamaza.

Ndipo likaanguka bomu, si mbali, mtaa wa nyuma labda. Nyumba ikaruka. Vumbi la dari likatumwagikia. Mimi nilijitupa kwenye kona nikaziba masikio. Nilipofumbua macho nilimwona Mama Veronika. Alikuwa amelala juu ya tonton. Mwanamke mzee, mwembamba, ambaye si ndugu yetu, wala si kabila letu, alikuwa amemfunika mume wa watu kwa mgongo wake, na ile chupa ameikumbatia isivunjike. Yeye alimfunika mtu. Mimi siku ile nzima nilikuwa nimelifunika jina langu.

Alipoinuka, akajipangusa vumbi na kuishika tena sindano, nililia kwa sauti: “Mama, usitie hiyo! Tonton iko na ugonjwa ya sukari. Miaka sita sasa. Na mimi nilikuwa namulisha tarti, kila siku tatu. Na dawa zilikwisha.”

Hakunipigia kelele. Aliiweka sindano chini polepole. Akainuka, akaenda kwenye ile ndoo, akaisogeza karibu na mwanga wa mlango. Sisimizi walikuwa wameizunguka, wamevutwa na sukari ya mkojo, mstari mrefu mweusi kutoka ukutani mpaka ukingoni. Alitikisa kichwa, akarudi, akachukua chupa ya pili, ile ya chumvi, akamtundikia tonton maji ya chumvi kwenye msumari wa picha ya Bikira Maria. Ndipo akanigeukia.

“Sikiliza, mutoto,” akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. “Kwetu Yanonge, mutu akitoboa mutumbwi katikati ya mto, hakalie tundu. Anasema, ‘Nimetoboa!’ Watu wanamutukana, ndiyo, lakini wanatoa maji inje. Yule anakalia tundu kwa kuona haya, anazamisha wote. Umesikia?”

“Nimesikia, Mama.”

“Umesema kwa kuchelewa. Lakini umesema. Sasa tumupeleke, hapa mimi sina dawa yake.”

Karibu saa sita mchana milio ikanyamaza. Hakuna aliyejua kwa muda gani. Mama Veronika alimwita Papa Bosco, mwendesha toleka aliyekaa lupango wa pili, kiwanja cha pili kutoka chetu. Toleka, kama ujuavyo, ni zile baiskeli za abiria ambazo zimeubeba mji huu kuliko magari. Tulimkalisha tonton nyuma, tukamfunga kwa kitenge kwenye tandiko, naye Papa Bosco akaisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Mimi nilishika upande mmoja. Mama Veronika alitembea upande wa pili, ameinua shuka nyeupe kwenye mpini wa ufagio kwa mkono mmoja na chupa ya serumu kwa mkono wa pili. Nyaya za umeme zilikuwa zimelala barabarani. Milango yote imefungwa. Nilisikia kuku akilia ndani ya nyumba fulani na nikashangaa kwamba bado kuna kuku. Tulitembea hivyo mpaka hospitali, na njia nzima niliomba sala moja tu, kwamba akifa asifie mikononi mwangu. Hata katika sala, unaona, nilikuwa bado najifikiria mwenyewe.

Hakufa. Kulikuwa na dawa ya sindano, kidogo, iliyobaki kwenye friji la mafuta ya taa, na daktari mmoja aliyekuwa hajalala siku mbili. Aliuliza, Mama Veronika akanitazama, nami nikaeleza yote tangu mwanzo bila kupunguza. Daktari alisema tu kwamba ile serumu ya kwanza ingemmaliza kabla ya jioni. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma saa.

Siku ya pili tonton alifungua macho, akanijua.

“Ulisema?” akaniuliza.

“Nilisema, tonton.”

Akageukia ukuta. Siku mbili nzima hakunisemesha. Nililala chini ya kitanda chake, nikamwosha, nikamlisha uji usio na sukari, naye akanitazama kama mtu asiyenijua. Na wewe ujue hilo, mwanangu: ukweli ukimwokoa mtu, si lazima akushukuru siku hiyohiyo. Siku ya tatu, wagonjwa wenzake wamekwisha kujua ugonjwa wake, na wawili kati yao kumbe walikuwa nao na wameuficha vilevile, akaniita. “Nilikuwa naogopa watu wanione nakufa,” akasema. “Kumbe nilikuwa nakufa kweli, na hakuna mutu alikuwa anaona.” Mficha maradhi, kilio humfichua. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utoto, lakini pale kitandani ndipo niliielewa.

Tante Masika alirudi ndege zilipoanza tena. Tonton alikuwa nyumbani, macho yake yamepungua nguvu, anatembea na fimbo. Alikuwa amepanga kunifichia kosa langu: alimwambia mkewe ni palu kali iliyomshika wakati wa mabomu. Alinikonyeza nilipoleta chai, nami nilijua kwamba nikinyamaza, jambo limekwisha. Nilinyamaza chai ile. Nilinyamaza na chakula cha mchana. Tante alipokwenda jikoni, nilimfuata, nikafunga mlango, nikamwambia yote, hata yale maneno ya tonton kwamba yeye hajawahi kumfanyia hivyo, hata kwamba yalinifurahisha.

Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, mikono juu ya magoti. Kisha akasema, “Bon. Ile tarti, ifanye nione.”

Niliwasha moto, nikaifanya. Kutwa nzima alikaa pale mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, akitazama maji yasipungue. Alasiri niliweka sahani mbele yake. Alichukua kijiko, akaonja mara moja, akafumba macho kama mumewe alivyofumba. Machozi yakaanza kumshuka.

“Iko bien,” akasema. “Iko tamu sana, Kahindo. Mi pia ningetaka kumupa hii, nione anacheka.” Akajipangusa kwa pindo la kitenge. “Miaka sita nimekuwa mutu mubaya ndani ya nyumba yangu. Kila siku namukatalia. Kila siku ananiangalia kama adui. Mutu hajanisaidia hata siku moja kumukatalia. Wewe nilikuachia ile kazi, nikafikiri ni ufunguo tu nakuachia.”

Mwanangu, Mama Veronika alinikemea kuhusu mtumbwi na nilimsikia. Lakini maneno ya tante ndiyo yaliyonivunja, kwa sababu hayakuwa makemeo. Nilimwona kwa mara ya kwanza. Huyu niliyemdhania mkavu alikuwa amebeba pendo zito kuliko langu, la kuchukiwa kila siku mezani ili mtu wake aamke kesho. Mimi nilipenda wiki sita nikapata vicheko vyote. Yeye alipenda miaka sita akapata manung’uniko. Nilipiga magoti nikamshika miguu. Akaniinua, akaniambia nipeleke ile tarti kwa Mama Veronika na kwa Papa Bosco, na kipande chetu tukile jikoni sisi wawili, mlango umefungwa, tonton asisikie harufu.

Tangu siku hiyo tulimkatalia wawili. Akimlalamikia tante kwangu, nilimjibu, “Mimi pia nakataa, tonton.” Alikasirika, akazoea, na mwisho akawa anacheka: “Nimezungukwa na askari.” Aliishi miaka kumi na moja zaidi. Aliona harusi yangu kwa macho yake yaliyofifia, akaongea kwenye harusi hiyo kuliko wazee wote, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Basi haya ndiyo ninayokupa pamoja na mapishi. Atakayekuomba kitu akiwa na njaa, mpe. Lakini atakayekuomba kitu kitakachomwua, hata akiomba kwa macho yenye machozi, hata kama nje kuna vita na kesho haijulikani, mkatalie, kisha ukae naye katika kukataliwa kwake, usimwache peke yake barazani. Mimi ningekaa na tonton Jumapili ile nikamwomba anisimulie safari ya matope, labda angecheka vilevile, bila kipande. Sikujaribu, kwa sababu kukata kipande kulikuwa rahisi zaidi.

Na ukikosea, maana utakosea, sema mapema. Mwuguzi akikuuliza mgonjwa amekula nini, mwambie amekula nini. Aibu inaunguza siku chache tu, kisha ngozi inarudi. Wala usiufiche ugonjwa wako, na usimfundishe mwanao kukufichia. Mtoto anayebeba siri ya mzazi hajui aishike wapi na aitue wapi. Halafu tazama vizuri katika nyumba yako ni nani anayesema “hapana” kila siku. Yamkini unamchukia bure. Mwendee, umuulize kama amechoka.

Sasa inuka ukanawe mikono, kopo limekwisha kupoa. Mungu wa baba zetu akupe mikono mikarimu na kinywa kisichochelewa. Awape wale uwapendao miaka mingi, na wewe akupe moyo wa kuvumilia hasira zao. Uzee ukikufikia, ukukute na watu wa kukuambia ukweli, nawe uwe na masikio ya kuusikia. Amina, mwanangu.